Maji ya Mkanda na saa za ofisi: wakaidi wa korona walikuwa nani hasa?

Juzi hapa Lamu, pale Mkunguni mbele ya Ngome, wazee wawili walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja amestaafu ukarani, mwingine ni nahodha wa siku nyingi wa boti za Faza, kule kisiwa cha Pate. Walianza na eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ile serikali ilivyotangaza Juni 2023 kwamba huduma 5,000 zapatikana kwa simu, wakateleza mpaka korona. Karani akasema korona ndo ilitufungua macho, kumbe kazi yaweza kwenda bila watu kujazana dirishani, na wale wa visiwani waliokuwa wakija kupiga kelele mlangoni 2020 walikuwa wakaidi tu, wameambiwa wakae nyumbani hawasikii. Nahodha akamtazama, akamuuliza, "Wewe ushawahi kungoja maji Mkanda?" yaani kwenye ule mlango wa bahari boti zinapopita kuja mjini.

Mimi nilikuwa pembeni nimenyamaza, lakini nimelala na swali hilo siku mbili sasa.

Tuanze na karani manake ana haki yake. Machi 2020 kisa cha kwanza kilipotangazwa Nairobi sisi hapa tulikuwa na hospitali moja kubwa, King Fahd, na sampuli ilikuwa lazima ipelekwe Kilifi kupimwa kwa wale KEMRI, watafiti wa tiba wa serikali, ndo mjue mtu anao au hana. Mji wenyewe mnaujua. Vichochoro vya Langoni punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja arudi kinyumenyume, nyumba zimepandana, ukipiga chafya ghorofani jirani anakuombea dua. Makarani nao ni watoto wa watu, wana mama na nyanya nyumbani, huwezi kumwambia akae dirishani akipumuliwa na watu mia kwa siku. Halafu kuna mambo ya sheria ambayo wengi wetu hatuyafikirii: makadirio ya bajeti ya kaunti yatakiwa bungeni kufikia 30 Aprili na yapitishwe kufikia 30 Juni, na korona haikusogeza tarehe hizo hata siku moja, huku mikutano imepigwa marufuku na mazishi yenyewe mwisho watu 15. Sasa utamshirikishaje mwananchi, kama Katiba inavyotaka kifungu cha 196, na hutakiwi kumkusanya? Kaunti nyingi zikafanya lililowezekana, tangazo gazetini, leteni maoni kwa imeili. Na juu ya hayo Seneti ikakaa ikivutana juu ya ule mgao wa kaunti wa shilingi bilioni 316.5 mpaka katikati ya Septemba 2020, kaunti zimebana matumizi, magavana wametishia kufunga huduma kabisa. Ukiwa karani wakati huo kwa kweli ulikuwa katikati ya moto na maji.

Sawa. Lakini hilo neno wakaidi.

Asiyejua njia ya Faza hawezi kuelewa kelele za mlangoni. Boti za Faza, Kizingitini na Mtangawanda zapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakijaa unapita unacheka. Yakipwa, boti yenye mzigo inakaa kwenye tope na mikoko inakutazama. Kuna njia ya nje, kuizunguka Manda kwa bahari kuu, lakini kafyu ilianza 27 Machi na Aprili kusi ndo linaingia, nani ampitishe mama na mtoto huko nje kusi likivuma? Kwa hivyo ni Mkanda, na Mkanda ina saa zake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na katikati hapo, saa nne saa tano asubuhi, ndo kavu kabisa. Yaani ofisi ikiwa imefunguka vizuri karani amekaa na chai yake, ndo saa ambayo mtu wa Faza hawezi kufika. Siku zote watu wa visiwani wamelitatua hili kwa kuondoka usiku wa manane, saa tisa saa kumi, wapite Mkanda maji yangali yapo, kukipambazuka wako mjini wanasubiri mlango ufunguliwe. Kafyu ilikuwa saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Hesabu wewe. Ukiondoka saa kumi na moja kamili kama raia mwema ukifika Mkanda maji yameshakwenda zake, na kesho yake yanachelewa kama dakika 50, keshokutwa dakika 50 tena, kwa hiyo hakuna ratiba ya ofisi duniani itakayokaa sawa na boti wiki nzima. Siku za maji mafu afadhali, hayapwi sana boti yapita, na hapo nahodha alitia chumvi kidogo akifanya kama mwezi mzima haupitiki. Lakini bamvua ni mara mbili kila mwezi na si siku moja moja.

Shangazi yangu wa Faza alikuja Ramadhani ile ya 2020, mwezi mpevu, amefunga, anashughulikia leseni ya kiduka chake. Boti zilikuwa zimeamriwa kupunguza abiria kama matatu, ile ya 14 ibebe 8, kwa hiyo nauli imepanda na nafasi ni ya kugombania. Wameondoka kafyu ikiisha, Mkanda wakakwama, wanaume wakateremka wakasukuma mpaka wameloa kifuani, akafika mjini saa nne na nusu viatu mkononi, buibui limelowa mpaka magotini. Ofisi yenyewe sitaitaja, walikuwa wakigawa namba asubuhi na zilikuwa zimeisha. Mlangoni karatasi imebandikwa na selotepu, tuma maombi kwa imeili hii. Shangazi ana kabambe, kile kisimu kisicho na intaneti. Akaelekezwa saiba, duka la kompyuta na intaneti, na hapa ndo nilipochoka mimi, manake ile saiba ilikuwa chumba kidogo kuliko veranda ya ofisi na ndani wamebanana watu saba wote wametoka kwenye mlango ule ule, kijana mmoja anawaandikia barua huku barakoa iko kidevuni. Kama lengo lilikuwa watu wasikaribiane basi lilihamishwa tu kutoka jengo la serikali lenye madirisha makubwa likapelekwa kwenye kichumba kisicho na dirisha, na juu yake mtu akalipishwa. Akafuturu botini akirudi, tende mbili na maji ya chupa, na leseni hakupata siku hiyo.

Yeye hakupiga kelele. Waliopiga kelele walikuwa nyuma yake kwenye foleni, na mimi siwalaumu.

Kuna jambo jingine karani amelisahau, na yeye ni mwenyeji, sijui amelisahau vipi. Neno kafyu huku halikuja na korona. 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huko Lamu bara, tulifungiwa usiku miezi kadhaa, na wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku kwa miaka, mtu amezaliwa na nyavu anaambiwa akavue mchana samaki wanamuona. Kwa hiyo 2020 polisi waliporudi gatini na saa, watu wengi hawakusikia habari ya ugonjwa, walisikia ile adhabu ya zamani imerudi na jina jipya. Unaweza kusema wamekosea na kwa afya walikosea kweli, virusi havikuwa vya kuwaonea watu wa Lamu, lakini huko si kukaidi. Mtu aliyewahi kufungiwa mlango kwa kosa si lake akiona mlango unafungwa tena ataugonga.

Na amri zilikuwa hivyo hivyo zote, zimekatwa kitambaa kimoja. Katikati ya 2020 iliagizwa kila kaunti iwe na vitanda 300 vya kutenga wagonjwa. Kila kaunti! Nairobi kwa sensa ya 2019 ina watu 4,397,073, Lamu ina 143,920. Huku kwetu kitanda kimoja kwa watu kama 480, kule kimoja kwa zaidi ya elfu kumi na nne. Wapo wanaosema basi tulipendelewa, haya, lakini mgonjwa wa kisiwa cha mbali kama Kiwayu kitanda si shida yake, shida yake ni boti ya kumfikisha kwenye hicho kitanda saa mbili za usiku.

Nahodha ana dawa yake: karani apande boti. Mara moja kwa wiki, maji yakiruhusu, aje na muhuri na kitabu cha risiti akae gatini Faza chini ya kivuli, watu wapange foleni kwenye upepo wa bahari, jioni arudi. Karani mstaafu alicheka, akasema na huyo karani akiwa ndo mwenye korona? Amewapelekea watu wasio na hospitali kubwa wala oksijeni. Hapo nahodha hakuwa na jibu la haraka na mimi pia sina la uhakika, hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Ila boti za abiria hazikusimama miezi yote ile, zilikuwa zikienda na kurudi na watu ndani na unga na sukari, kwa hiyo korona kama ya kupanda ilikuwa na nauli tayari. Tofauti ingekuwa karani mmoja amesafiri mahali pa watu arobaini kusafiri. Kwa hesabu yangu hiyo ni hatari ndogo zaidi.

Imeili na simu sizichukii, naandika haya kwa simu. Kijana wa Mkomani hapa mjini mwenye mtandao nyumbani leo halipi nauli wala hapotezi siku, na kabla ya 2020 tungeambiwa hayawezekani. Lakini shangazi yangu hajawahi kutuma imeili hata moja mpaka leo, anampa mtoto wa jirani amtumie na kila mara kuna kitu cha kumpa, na siku mtoto huyo akienda Mombasa kusoma sijui itakuwaje.

Jana nimepita kwenye mlango mmoja mjini nikaona tangazo la mkutano wa kutoa maoni, wote mnakaribishwa, saa nne asubuhi. Nikampigia nahodha kumsomea tarehe. Akakaa kimya kidogo anahesabu mwezi, akaniambia, "Bamvua hiyo."