Tabaka moja au matabaka mengi? Lenzi ya filamu mbele ya jua la Moshi

Mdogo wangu mmoja wa kazi, anayepiga harusi hapa Moshi kwa kamera ya kidijitali, ameshikwa na ugonjwa wa filamu. Ameshapata bodi ya kamera ya mtumba, Bessa R3A, ambayo dirisha lake la kutazamia lina fremu ya lenzi ya milimita 40. Sasa amekwama kwenye lenzi. Nokton Classic ya milimita 40, f/1.4, inayotengenezwa na Cosina ya Japani kwa jina la Voigtländer, ilitolewa kwa namna mbili: SC, ambayo vioo vyake vimepakwa tabaka moja la kupunguza mng'ao, na MC, yenye matabaka mengi. Mpangilio wa vioo ni uleule. "Kaka, nichukue ipi?" akaniuliza tukinywa kahawa karibu na soko la Mbuyuni.

Sikumjibu kwanza. Nilitoa lenzi mbili begini, nikazishika chini ya tyubulaiti ya mgahawa, nikamwambia atazame kiooni, si kupitia kioo. Ile kuukuu ya tabaka moja ikaonyesha vijitaa vingi vya zambarau iliyochujuka, vyote karibu rangi moja. Ile ya matabaka mengi ikaonyesha kimoja cha kijani, kimoja cha zambarau, kimoja cha rangi ya kaharabu, tena hafifu hadi ukodoe macho. Kila kijitaa ni mwanga uliotakiwa kufika kwenye filamu ukarudi nyuma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kioo kitupu kinarudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila mahali kinapokutana na hewa. Ukikipaka tabaka moja la magnesiamu floraidi, unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, upotevu unashuka hadi karibu asilimia 1.5. Matabaka mengi yanaushusha hadi nusu asilimia au chini ya hapo. Chukua lenzi yenye makundi sita ya vioo, yaani nyuso 12. Katika kila sehemu 100 za mwanga zinazoingia, vioo vitupu vinapitisha kama 61, tabaka moja 83, matabaka mengi 94. Kati ya 83 na 94 hakuna hata robo ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili), na kwa filamu ya negativu hilo si la kukukosesha usingizi. Kinachosumbua ni kwamba mwanga uliorudi hauondoki wote. Mwingine unadundadunda ndani ya lenzi, kisha unaishia kwenye filamu, mahali pasipostahili mwanga. Hapo weusi unakuwa kijivu.

Ndiyo maana wabunifu wa zamani waliziogopa nyuso nyingi. Planar, lenzi aliyoibuni Paul Rudolph mwaka 1896, ilikuwa na nyuso nane zinazogusana na hewa, ikasifiwa kwa ukali wa picha lakini mng'ao ukaifanya iwekwe kando. Tessar yake ya 1902 ilikuwa na sita tu, ikatamba. Tabaka la kupunguza mng'ao lilibuniwa na Alexander Smakula pale Zeiss, kampuni ya Kijerumani ya lenzi, mwaka 1935, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Asahi Pentax wakaingiza sokoni lenzi zao za matabaka mengi. Kwa hiyo mtu akiuliza "tabaka moja au mengi?", mimi namuuliza lenzi ina nyuso ngapi. Kwa Tessar tofauti ni ndogo mno. Kwa zumu, yaani lenzi ya kuvuta karibu, yenye nyuso 30, tabaka moja lingekula zaidi ya theluthi moja ya mwanga, na sehemu ya mwanga huo ingebaki ndani ikizurura. Nokton iko katikati, ndipo ubishi unaponoga.

Wanaotetea SC wana hoja yenye uzito, na niliielewa vizuri nikiwa kihambani Marangu, si kwenye maandishi. Saa sita mchana, bibi amekaa chini ya migomba anachambua maharage. Jua limepenya kati ya majani likatua begani kwake na ukingoni mwa ungo, na chini ya migomba ni giza. Filamu nyeusi-nyeupe ina kizingiti chake: mwanga usiofika kiwango fulani hauandiki chochote. Ule mwanga unaozurura ndani ya lenzi ya tabaka moja unamwagika kidogo kila mahali, unakisukuma kivuli kivuke kizingiti, na mikunjo ya kanga yake inajitokeza kwenye negativu. Ni kama ile mbinu ya zamani ya kuionyesha filamu mwanga kidogo kabla ya kupiga.

Nakubali. Ila tuulizane: kwa nini usubiri lenzi ikosee ndipo upate kivuli? Filamu ya ISO 400 ukiipima kama 200 unaipa kivuli mwanga wake halali, uliotoka kwenye ile kanga yenyewe, si ukungu uliotoka begani. Negativu inavumilia kuzidishiwa stopu moja bila kelele. Tena siku hizi wengi tukishasafisha filamu tunaiskani. Kontrasti ikizidi utaipunguza kwenye kompyuta. Ukungu ukishaungana na picha utaupunguza kiasi, ila doa la mng'ao lililokaa shavuni mwa bibi harusi, hilo huli"skani" likaondoka.

Halafu kuna huu mlima. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini mwa Moshi, karibu wima kabisa ukitazama ramani, na sisi tuko zaidi kidogo ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Maana yake Desemba jua linapita kusini, yaani nyuma ya mgongo wako unapoielekezea kamera theluji. Juni limehamia kaskazini, liko mbele yako, juu ya fremu, linapiga kioo cha mbele kutwa nzima. Kwa lenzi ileile, mlima uleule, Desemba hutaona tofauti ya SC na MC. Juni utaiona kwenye negativu hata kabla hujaiskani. Arusha nao wana habari hiyohiyo kwa Meru, maana nao mlima wao uko upande wa kaskazini. Mawingu ya Julai hayasaidii. Watu hudhani mng'ao ni mambo ya jua kali, kumbe anga jeupe likijaza nusu ya fremu nalo linaleta pazia la kijivu. Siku kama hizo mwanga wenyewe umeshapoa, ukiongeza lenzi ya tabaka moja picha inakuwa kama uji usio na sukari.

Kwa filamu ya rangi sina maneno mengi: MC. Kwa slaidi, ambayo haikupi nafasi ya kusahihisha, MC mara mbili.

Lakini sehemu kubwa ya sifa wanazopewa lenzi za tabaka moja, yale ya "laini", "ya kizamani", "ina roho", si kazi ya tabaka. Ni uchafu. Niliwahi kununua lenzi ya miaka ya 1950 kwa muuzaji mmoja wa Arusha aliyeniapia kuwa ni safi. Picha zikatoka na mwanga laini wa ajabu, nikajisifu nimepata lulu. Mwaka mzima baadaye nikaimulika kwa tochi kutoka nyuma: ndani kumetanda ukungu wa mafuta, na pembeni fangasi wametoa mizizi kama ya nyasi. Fundi alipoisafisha, ule "uzamani" ukapotea karibu wote. Ilibaki lenzi nzuri tu ya tabaka moja, na kwenye kivuli, jua likiwa mgongoni, sikuweza kuitofautisha na ya kisasa. Kwa hiyo kabla hujabishana kuhusu matabaka, mulika tochi. Na usifute kioo kwa ncha ya shati. Vumbi letu ni mchanga, na matabaka mengine ya zamani yanakwaruzika kirahisi.

Kuna kitu kimoja naipa SC bila kuidai. Jioni, jua likiwa nyuma ya kichwa cha mtu, lenzi ya matabaka mengi haiufuti mng'ao wote. Mara nyingi inakuachia vidoa vidogo vya kijani vyenye kingo kali, vimejipanga mstari kukatiza fremu. Ya tabaka moja inamwaga mwanga mpana, mwororo, nywele zinawaka. Kwa picha ya namna hiyo ninayo SC yangu na siiuzi. Ninaitumia labda mara mbili kwa mwezi.

Mdogo wangu ana pesa ya lenzi moja, na wateja wake wanataka rangi. Nikamwambia achukue MC, na chenji inayobaki anunue hudi, kwa sababu kikinga-jua hicho hata kikikaa mbele ya SC kinaipunguzia karibu nusu ya ubishi huu wote. Akatikisa kichwa, akainua tena ile kuukuu chini ya tyubulaiti. "Kaka, hii ya zambarau lakini," akasema, "Jumamosi kuna harusi Machame, wanataka za machweo. Niazime."