WAV haimalizi diski yako, video njo inamaliza

Batu benye kufanya montaje ku nyumba hapa Lubumbashi, ikuwe video ya mariaje ya dada, komunyo ya batoto ao korali ya parokia, karibu bote banakuambiaka kitu moja: weka sauti mu MP3 (fishie ya sauti yenye kubanwa) juu WAV (fishie ya sauti yenye haibanwi) inakula nafasi. Mi nakatala. Na tufanye hesabu kwanza mbele ya kubishana.

WAV ya 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), 16 bit (ukubwa wa kila sampuli), stereo, inakula karibu mega 11.5 kwa dakika, saa nzima karibu mega 690. Ni mingi, sawa. Lakini video yenyewe je? Telefone mingi za Android zinapigaka 1080p ku megabiti 17 hivi kwa sekunde (biti nane ni bayti moja), maana yake karibu mega 128 kwa dakika. Sasa unabana sauti yenye haifiki ata sehemu moja ya kumi ya picha, halafu picha unaiacha ikule diski vile inataka? Ukikosa nafasi futa ile video ya dakika ishirini yenye kuonyesha migongo ya batu banangojea chakula, hakuna mwenye ataiuliza.

MP3 inapunguza ukubwa kwa kutupa bile inahesabia sikio haitasikia. Kwa mutu mumoja anasema pole pole mbele ya mikro, ku kilobiti 128 kwa sekunde huwezi kujua tofauti na mi siwezi kukugombeza. Shida ni sherehe zetu haziko vile. Weka bamama banapiga vigelegele wakati bibi arusi anaingia, weka makofi, weka symbale za orkestra nyuma yake, bintu byote bya sauti ya juu kwa mara moja, halafu ubane ku 96 ao 64, utasikia vigelegele sawa binapigwa ndani ya maji. Na haiishi pale, juu ukikata ile MP3 na kuitoa tena MP3, inatupa tena, halafu shangazi anatuma video yake ku WhatsApp, inabanwa mara ingine. Kuigeuza WAV nyuma yake hairudishi kitu, unapata paka fishie kubwa yenye sauti ile ile ya kuharibika. (Lakini kama montaje yako inakatala MP3 ao sauti inaachana na midomo, geuza tu, hapo WAV inasaidia kazi hata kama haiongeze uzuri.)

Sauti yenye ilitoka pamoja na video ya telefone mara mingi ni AAC (namna ingine ya kubana sauti) tangu mwanzo, hiyo iache vile iko, weka mu montaje moja kwa moja. Paka mwenye kutumia Linux aangalie, juu toleo ya bule ya DaVinci Resolve (programu ya montaje) kwa miaka mingi haikusoma AAC ku Linux, picha inatembea na sauti bubu, hapo toa WAV na maisha inaendelea.

Tena weka 48 kHz, haiko 44.1. Hii 44.1 ni ya CD, na kinachonichekesha ni kwamba yenyewe ilitokea ku kanda za video, zamani sauti ya dijitali ilikuwa inawekwa mu mistari ya picha, sampuli 3 kwa mustari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde, piga hesabu utaona 44,100. Video ya leo inatumia 48, weka projet yako 48 na diktafone yako 48, basi.

Sasa kitu chenye batu hawasemaka, kurant. Unarekodi korali ku ordinatere yenye batri ilishakufa, kurant inaenda katikati ya wimbo. Fishie ya m4a (ile yenye kubeba AAC) mara mingi haitafunguka tena, juu orodha yake ya ndani inaandikwaka ku mwisho. WAV nayo itaonekana iko sekunde sifuri, usiifute! Mwanzo wake kuko kipande kidogo chenye kusema urefu, njo hicho hakikumalizwa kuandikwa, lakini sauti yenyewe iko pale. Fungua Audacity (programu ya bule ya kukata sauti), ingiza ile fishie kama data mbichi, sema 16 bit, stereo, 48000, utasikia "tak" kidogo ku mwanzo, ukate, na wimbo uko. MP3 nayo inaponaka hapo, vipande vyake vinajitegemea, nakubali.

Kwa matanga ya usiku kucha ujue WAV ya kawaida inagonga ukuta ku giga 4, ni kusema saa 6 na kidogo, kata mapema uanze ingine. FLAC, fishie ingine ya sauti, ni nzuri ya kuweka akiba, inashuka mpaka nusu hivi bila kupoteza kitu, lakini programu zingine za montaje haziisomi. 24 bit chukua kama hujui pasta atapiga kelele namna gani, juu unaweza kurekodi chini halafu kuipandisha bila kuiharibu.

Ku mwisho, wakati kila kitu kilishakatwa na kupangwa, hapo njo unabana, mara moja, AAC ya kilobiti 192 ao 256 ndani ya MP4, telefone zote zitaifungua. Ukituma ku WhatsApp, tuma kama dokima, na kama mega za familia hazitoshi waje na kle USB.