Filamu za Kihindi Zisizo na Stelingi

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunazijua kanuni za filamu ya Kihindi kama tunavyojua jina la mtaa wetu. Stelingi hafi. Adui anajulikana mapema, ana wapambe na gari refu, na mwisho lazima apigwe mpaka aombe msamaha. Masikini aliyedhulumiwa shamba anarudishiwa, mama anakutana na mwanawe waliyepotezana miaka, wimbo unapigwa, watu wanatoka wameridhika. Raha hizo sizikatai. Pwani yetu imezipenda tangu enzi za Awara ya mwaka 1951, na nyimbo zake ziliimbwa na watu wasiojua Kihindi hata kidogo.

Ila ipo India nyingine kwenye filamu, na mimi naiona bora kwa mbali. Wengi hudhani anayeipenda anapenda huzuni. Sivyo. Naipenda kwa sababu haimalizi dhuluma kwa ngumi. Kwenye filamu za biashara dhuluma ni mtu mmoja. Ukimwangusha yeye, imekwisha. Kwenye hizi, dhuluma ni desturi, ni sheria, ni namna chai inavyoletwa mezani, na wanaoitenda ni watu wapole wanaokusalimia vizuri kabisa.

Chukua The Great Indian Kitchen, aliyoiongoza Jeo Baby na kutoka mwaka 2021, ya huko Kerala kwa lugha ya Kimalayalam. Bibi harusi anaingia kwenye nyumba ya ukoo wa heshima. Mume ni mwalimu. Baba mkwe ni mzee mtaratibu asiyepaza sauti. Basi inaanza kazi: kukata mboga, kukuna nazi, kukaanga, kuandaa, kuondoa vyombo, kuokota mabaki ambayo wanaume wameyatema pembeni ya sahani, kuosha, kufagia, halafu kuanza upya. Mkwe anaomba, kwa upole, wali wake upikwe kwa kuni. Chatne isagwe kwenye jiwe, blenda haifai. Nguo zake zifuliwe kwa mkono, mashine inaziharibu. Bomba la sinki linavuja. Mke anamkumbusha mume aite fundi, mume anaitikia, siku zinapita, maji machafu yanaendelea kudondoka. Hakuna muziki wa kukuambia hapa ulie. Unasikia kisu, mafuta na maji. Mwanamke wa Tanga au wa Lamu aliyewahi kupikia nyumba nzima halafu akala wa mwisho hahitaji kuelezwa chochote.

Yule mke mwishowe anawamwagia wanaume wale maji yale yale ya sinki na kuondoka. Ungekuwa mkono wa filamu za biashara, nyumba ile ingeporomoka kwa aibu. Hapa mume anaoa mwingine, na huyo mpya tunamkuta jikoni. Nilikasirika sana, na hasira hiyo haikuwa na mtu mmoja wa kumwangukia.

Court ya Chaitanya Tamhane, iliyotoka 2014, inakwenda mbali zaidi. Mumbai, mwimbaji mzee wa mitaani anashtakiwa kwamba wimbo wake ulimchochea mfanyakazi wa majitaka ajiue. Mjane anaitwa kutoa ushahidi. Anaulizwa marehemu alijuaje kama shimoni kuna hewa. Anajibu: alikuwa akitupa kijiwe ndani, mende wakitoka anajua hewa ipo, anashuka. Anayasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Vifaa vya kujikinga hakuwa navyo. Ushahidi huo unatosha kukuonyesha nani alipaswa kuwa kizimbani, lakini kesi inaahirishwa, tena na tena. Kamera inatulia mbali, haimsogelei mtu usoni kumkamua machozi.

Na mwendesha mashtaka? Akitoka mahakamani anapanda treni na abiria wengine, anampitia mwanawe, anafika nyumbani anapika, familia inakula mbele ya runinga. Ni mama wa kawaida kabisa, na kesho yake atarudi kumkandamiza mzee wa watu kwa vifungu vya sheria vya zamani. Stelingi angempiga nani hapo?

Njia hii si ya jana. Shyam Benegal, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na miaka 90, aliianza safari yake ya filamu ndefu kwa Ankur mwaka 1974: mtoto wa mwenye ardhi, mtumishi wa tabaka la chini, na mume wa mtumishi huyo, bubu, anayechapwa viboko bila kosa. Jibu la mwisho linatoka kwa mtoto mdogo anayerusha jiwe kwenye dirisha la bwana. Mwigizaji Om Puri naye, katika Aakrosh ya 1980, ni mshtakiwa ambaye karibu filamu nzima hafungui kinywa, na uso wake unasema mengi kuliko hotuba zote za mastaa.

Nikizisifu filamu hizi huwa naambiwa: masikini kachoka, hataki kwenda kutazama umasikini, anataka kusahau. Jibu langu ni Manthan. Mwaka 1976 Benegal alitengeneza filamu kuhusu wafugaji wa Gujarat wanaojaribu kuanzisha ushirika wao wa maziwa, na walioilipia ni wafugaji wenyewe: watu 500,000, kila mmoja rupia 2. Ilipotoka, walikuja wamejaa kwenye malori kuitazama. Watu hao walikuwa wakiamka alfajiri kukamua, na wakatoa fedha zao ili wajione wenyewe kwenye pazia, wakibishana kuhusu tabaka na bei. Hakuna aliyewalazimisha.

Kwenye runinga zetu tamthilia za Kihindi zinaingizwa sauti za Kiswahili kila kukicha, nyingi za mawifi na fitina za majumba ya kifahari. Wafasiri wapo na waigizaji wa sauti wapo, tena hodari. Nawaomba wenye kazi hiyo waichukue Court. Sehemu kubwa yake ni maneno ya mahakamani, na Kiswahili cha mahakamani tunacho cha kutosha. Ile ya jikoni itawapa kazi ndogo zaidi, maana mazungumzo yake ni machache.