Neno «serikali» tumelibebesha mizigo isiyo yake

Katika mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha Newala, nilikokuwa mgeni tu wa ndugu zangu, mtendaji wa kijiji alisimama chini ya mwembe na kaunta buku lake mkononi akasoma taarifa. Alisema Serikali imeleta bati za kuezekea darasa, kwamba Serikali imechelewesha fedha za mafundi, na kwamba Serikali inaomba kila kaya ichangie shilingi elfu tano kwa ajili ya choo cha shule. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia tupu akanyoosha mkono. «Mtendaji mwanangu,» akasema, «serikali iliyoleta bati, iliyochelewesha fedha na inayotuomba elfu tano, ni moja au ni tatu?» Watu walicheka sana. Mtendaji naye, akitabasamu, akajibu, «Serikali ni moja tu, mzee wangu,» kisha akaendelea na ajenda.

Mimi sikucheka, kwa sababu nimefundisha uraia sekondari kwa miaka mingi na ninajua kwamba swali la mzee yule ndilo linalofungua somo zima la kulinganisha mifumo ya siasa. Bati zilitoka Serikali Kuu, fedha zilikwama katika halmashauri ya wilaya, na elfu tano ilikuwa inaombwa na serikali ya kijiji, ambayo kwa sheria ina halmashauri yake iliyochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Ni ngazi tatu zenye mamlaka tofauti na watu tofauti wa kuulizwa. Sisi tumezitia zote katika kapu moja la neno «serikali», na juu yake tumeongeza dola, nchi, taifa, na mara nyingine hata chama.

Tuanze na dola. Mjerumani Max Weber, katika mhadhara alioutoa mwaka 1919, aliieleza dola kuwa ni jumuiya ya watu ambayo, ndani ya eneo fulani, imefanikiwa kudai kwamba ni yenyewe peke yake yenye haki ya kutumia nguvu. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 ukaongeza upande wa sheria za kimataifa: dola iwe na watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Angalia kwamba hapo serikali ni kiungo kimoja tu cha dola. Serikali ni wale wanaoishika dola kwa kipindi fulani. Wao huja na kuondoka, dola ikabaki. Katika Kiswahili cha kila siku neno dola tunalisikia zaidi katika «vyombo vya dola», yaani polisi na jeshi, na kwa hiyo mtu akilisikia huona rungu kabla ya kuona kitu kingine chochote. Sidhani kama Weber angetulaumu kwa hilo.

Sisi wa kusini tuliuona mfano hai Novemba 2018. Bei za minada ya korosho zilipokataliwa, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba kwa magari yake. Katika vijiwe vya kahawa vya Mtwara mjini tulisema tu kwamba «serikali imenunua korosho». Lakini uamuzi ule ulikuwa wa serikali, yaani wa viongozi waliokuwa madarakani wakati huo, na ungeweza kupingwa bungeni au kubadilishwa msimu uliofuata, ilhali jeshi lililobeba magunia ni chombo cha dola, kinachobaki palepale serikali moja ikiondoka na nyingine ikaingia. Mkulima aliyepinga bei ile alikuwa anapingana na uamuzi wa sera. Kwa kuwa mbele yake aliona sare za jeshi, ilikuwa rahisi kwake kuhisi, na kwa wengine kumwambia, kwamba anapingana na nchi.

Siwezi kusema kwamba kosa hili ni la uvivu wa lugha peke yake. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 33, inamfanya Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu kwa wakati mmoja, na mawaziri wake nao ni wabunge. Mtu mmoja akivaa kofia tatu, raia hawezi kulaumiwa sana akishindwa kujua ni kofia ipi inayosema naye. Uingereza kofia hizo zimegawanywa: mfalme ni mkuu wa dola na waziri mkuu ni mkuu wa serikali. Mwaka 2022 Waingereza walikuwa na mawaziri wakuu watatu, Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak, na Truss alitangaza kujiuzulu kabla ya kufikisha siku hamsini ofisini, lakini hakuna aliyefikiri kwamba dola ya Uingereza ilikuwa inaanguka. Serikali iliyumba, pasipoti zikaendelea kutolewa. Sisemi tuige mfumo wao. Mfumo wa kibunge una balaa zake, nalo mojawapo ni hilohilo la kubadilisha kiongozi mara mbili katika mwaka mmoja bila mpiga kura wa kawaida kuulizwa. Ninachosema ni kwamba kwao tofauti ya maneno haya mawili inaonekana kwa macho, wakati kwetu inabidi ifundishwe.

Taifa ni jambo lingine tena, na hapa mto Ruvuma, unaotutenganisha na Msumbiji, ni mwalimu mzuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kukitumia darasani. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana juu ya mpaka wa kusini bila kumuuliza Mmakonde wala Myao aliyekuwa na shamba upande mmoja na wajomba upande wa pili. Kisha kuna Kionga, kipande kidogo cha ardhi kusini mwa mdomo wa mto: Wajerumani wakakichukua mwaka 1894, Wareno wakakitwaa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita mikataba ya amani ikawathibitishia. Mtu angeweza kuzaliwa na kuzeeka Kionga katika nyumba ileile huku dola juu yake ikibadilika na kubadilika tena. Dola inaweza kuhamishwa kwa saini ya watu walioko mbali. Taifa, yaani watu wanaojiona kuwa wamoja, haliendi kwa saini. Hujengwa kwa lugha, kwa kumbukumbu, na wakati mwingine kwa vita vya pamoja, kama inavyokumbusha ile kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliyokuwa kwetu Nachingwea. Leo Mmakonde wa Tandahimba ni Mtanzania kwelikweli, na binamu yake wa Mueda ni Mmsumbiji kwelikweli, ingawa ngoma wanayoicheza ni moja.

Neno «nchi» ndilo linalonichosha kuliko yote. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, kauli iliyozua mjadala mkubwa, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa na kuitaja Zanzibar kuwa miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Kama ubishi ungekuwa juu ya dola, ungeisha mapema zaidi, kwa sababu katika Umoja wa Mataifa kiti ni kimoja. Lakini nchi kwa Kiswahili ni ardhi, ni kwao, ni mahali palipozikwa kitovu, na hakuna mtu anayekubali kuambiwa hana hiyo.

Kulinganisha kunasaidia hasa pale vitu vinavyolinganishwa vinapofanana kwa mengi. Tanzania na Msumbiji zina vyama tawala vilivyotokana na harakati za uhuru, na zote ziliacha mfumo wa chama kimoja na kuingia vyama vingi miaka ya 1990. Lakini mkuu wa mkoa wa Mtwara huteuliwa na Rais, wakati ng'ambo ya Ruvuma, tangu uchaguzi wa mwaka 2019, gavana wa jimbo la Cabo Delgado ni yule aliyeongoza orodha ya chama kilichoshinda katika jimbo. Usikimbilie kushangilia: pembeni ya gavana huyo kuna katibu wa dola wa jimbo anayeteuliwa na Rais, na kwa maoni yangu nafasi hiyo iliwekwa ili mkono wa Maputo usilegee. Hata hivyo majina ya vyeo yenyewe yanakuonyesha nani amepewa kura na nani ameletwa. Mwanakijiji wa upande ule, akitaka kulalamika, ana mahali pa kuanzia.

Baada ya mkutano ule wa Newala watu walipanga foleni kulipa elfu tano. Mzee wa gunia alipofika zamu yake, aliikunjua noti akaishika, akasubiri stakabadhi iandikwe kwanza. Mtendaji akaandika kwamba fedha zimepokelewa na Serikali. Mzee akamrudishia karatasi. «Malizia,» akasema. Mtendaji akamtazama, akaichukua tena kalamu, na juu ya mstari, kwa herufi ndogo zilizobanana, akaongeza «ya Kijiji».