Mödlareuth: Ukuta Ulikuja Baadaye

Barua ya kwenda Mödlareuth, kijiji cha Ujerumani, inaweza kuandikwa msimbo wa posta 95183 au 07926, na misimbo yote miwili ni sahihi. Inategemea nyumba iko ng'ambo ipi ya Tannbach, kijito chembamba kinachopita katikati ya kijiji. Magharibi ya kijito ni jimbo la Bavaria, wilaya ya Hof, halmashauri ya Töpen. Mashariki yake ni jimbo la Thuringia, wilaya ya Saale-Orla, mji mdogo wa Gefell. Kijiji kizima kina watu wapatao 50. Hao 50 wana mameya wawili, wanapigia kura mabunge mawili ya majimbo, na namba za magari yao huanza kwa HO upande mmoja na mara nyingi SOK upande wa pili.

Mgeni anayejua kwamba kijiji hiki kilikatwa na ukuta wa zege kuanzia mwaka 1966 huuliza swali moja: Ujerumani imeungana zaidi ya miaka thelathini sasa, hapa mbona bado? Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba limeegemea dhana ambayo historia haiikubali, kwamba ukuta ndio uliokigawa kijiji.

Tannbach ulikuwa mpaka kabla hapajawa na dola iitwayo Ujerumani. Upande mmoja ulikuwa wa watawala wa Bayreuth, wa pili wa ukoo wa Reuss. Mwaka 1810 Bavaria iliinunua Bayreuth kutoka kwa Napoleon, aliyekuwa ameitwaa kutoka kwa Waprusia, na mawe ya mpaka yakasimikwa kandokando ya kijito: KB kwa Ufalme wa Bavaria, FR kwa himaya ya Reuss. Upande wa Reuss ukaja kuingizwa katika jimbo jipya la Thuringia mwaka 1920. Kwa hiyo hata Ubavaria wa nusu ya magharibi ni wa miaka mia mbili na ushei tu, na ulipatikana kwa fedha.

Mpaka ule uliamua mtu alipe kodi wapi na kesi yake isikilizwe katika korti gani. Mengine haukuyagusa. Shule na baa ya kijiji vilikuwa upande wa Thuringia, kanisa lilikuwa Töpen upande wa Bavaria. Mtoto wa magharibi alivuka maji kwenda kusoma, na mzee wa mashariki alivuka kwenda kusali. Hiyo ndiyo hali iliyodumu kwa zaidi ya karne moja, na anayetaka kupima suala la leo aanze hapo, asianze na zege.

Kilichobadilika ni nani alisimama kwenye mstari ule. Julai 1945 Wamarekani waliondoka Thuringia wakaiacha kwa Wasovieti, na mstari wa makarani ukawa mstari wa majeshi. Mwaka 1949 ukawa mpaka wa dola mbili, Ujerumani Magharibi na Ujerumani Mashariki. Kisha ikaja amri ya Ujerumani Mashariki ya tarehe 26 Mei 1952, ambayo ndiyo hasa iliyoua maisha ya pamoja, miaka 14 kabla ya ukuta. Amri hiyo ilitenga ukanda wa kilomita 5 usioingiwa bila kibali. Ndani yake ukanda wa mita 500 wenye masharti makali zaidi. Na mwishoni kabisa, kwenye mpaka wenyewe, kipande cha mita 10 kilichofyekwa na kulimwa ili nyayo zionekane. Mwezi uliofuata familia zilizotiliwa shaka katika vijiji vya mpakani zilihamishwa kwa nguvu. Kijiji kilichogusa mpaka kama Mödlareuth hakikuwa na pa kujificha, maana nyumba za mashariki zilikuwa tayari ndani ya zile mita 500.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa uzio wa mbao, baadaye seng'enge. Ukuta wa 1966 ulikuwa na urefu wa mita 700 na kimo cha mita 3.3. Katika sehemu kubwa ya mpaka ule wa kilomita 1,393 serikali ya Mashariki iliridhika na nyavu za chuma, kwa sababu palikuwa na nafasi ya kuweka vizuizi kimoja nyuma ya kingine. Kijijini nafasi hiyo haikuwepo. Nyumba zilikaribiana mno na mstari, na uzio unaoonyesha ng'ambo unaruhusu watu kutazamana. Ukuta ulikata njia na macho pamoja. Baadhi ya majengo yaliyokuwa karibu na kijito yalibomolewa, taa ziliwaka usiku kucha, na mkazi wa mashariki alikatazwa hata kumpungia mkono jirani aliyempungia kutoka upande wa Bavaria. Ukuta wenyewe ulijengwa ndani ya ardhi ya Mashariki, si juu ya mstari. Mtu wa Bavaria aliyevuka kijito ili akauguse alikuwa tayari ameingia nchi nyingine.

Wanajeshi wa Marekani wakakiita kijiji Berlin Ndogo, kwa mfano wa jiji la Berlin lililokatwa nalo na ukuta, na tarehe 5 Februari 1983 George Bush, wakati huo makamu wa rais, alikuja kukitazama. Njia ya waenda kwa miguu ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1989, mwezi mzima baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa. Tarehe 17 Juni 1990 mashine zikaanza kuubomoa ukuta.

Sasa hoja za wanaosema kijiji kiunganishwe. Si hoja za hisia tupu. Chukua sikukuu. Bavaria hupumzika tarehe 6 Januari, siku ya Epifania, na tarehe 1 Novemba, Watakatifu Wote, Thuringia haipumziki. Thuringia hupumzika tarehe 31 Oktoba, siku ya Matengenezo ya Kanisa, na tangu 2019 tarehe 20 Septemba, Siku ya Watoto. Bavaria inafanya kazi. Sikukuu hufuata mahali pa kazi, shule hufuata mahali pa kuishi. Familia ya upande mmoja yenye mzazi anayefanya kazi jimbo la pili hujikuta na mtoto nyumbani siku ambayo mzazi yuko kazini. Likizo za shule nazo hazilingani. Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, kila jimbo lilitoa kanuni zake, hivyo majirani wa kijito kimoja waliishi chini ya masharti mawili.

Kisheria kuunganisha si kazi ngumu. Ibara ya 29 ya Sheria ya Msingi ya Ujerumani, kifungu cha 7, inaruhusu majimbo mawili kuhamisha eneo kwa mkataba kati yao ikiwa wakazi wake hawazidi 50,000. Halmashauri na wilaya zinazohusika sharti zisikilizwe. Mfano upo: tarehe 30 Juni 1993 eneo la Amt Neuhaus, ng'ambo ya mto Elbe, lilitoka Mecklenburg-Vorpommern likahamia Niedersachsen.

Mfano huo hutajwa kama ushahidi kwamba inawezekana. Mimi nauona unapinga zaidi kuliko unavyounga mkono. Amt Neuhaus ilikuwa ya Hannover, ambayo leo ni sehemu ya Niedersachsen, kabla ya 1945, ikakabidhiwa kwa Wasovieti kwa sababu tu iko mashariki ya Elbe. Mkataba ulirudisha kitu kilichokuwepo. Mödlareuth hakuna cha kurudisha; tangu enzi za Bayreuth na Reuss nusu zake mbili hazikuwahi kuwa ndani ya jimbo moja. Kuziunganisha leo ni kuanzisha jambo jipya, hata likiitwa tiba ya jeraha.

Na jambo jipya lina gharama zake. Kwanza, nani ahame? Mashariki ikiingia Bavaria, itaonekana kwamba upande ulioumizwa na ukuta ndio tena unaofutwa kwenye ramani. Magharibi ikiingia Thuringia, watu ambao babu zao walikuwa Wabavaria watalazimika kubadili jimbo bila wao kuomba. Pili, makaratasi. Daftari la ardhi huhamia korti nyingine. Anwani kwenye vitambulisho hubadilika. Kodi ya ardhi hukokotolewa upya, na hapa tofauti ni ya kanuni yenyewe: tangu 2025 Bavaria hutoza kwa ukubwa tu, kwa msingi wa senti 4 za euro kwa kila mita ya mraba ya kiwanja na senti 50 kwa kila mita ya mraba ya jengo, kabla ya punguzo la nyumba za kuishi na kiwango cha halmashauri. Thuringia hufuata mfumo wa shirikisho, unaotazama thamani ya ardhi, umri wa nyumba na kodi ya pango inayokadiriwa. Nyumba mbili pacha, moja kila ukingo, zinaweza kudaiwa fedha tofauti kabisa, na kuhamisha mpaka ni kuamua nani apande na nani ashuke.

Kuna pia ardhi yenyewe. Mwaka 2018 Thuringia iliitangaza sehemu yake ya ukanda wa zamani wa mpaka, kilomita 763, kuwa eneo la asili linalolindwa kama kumbukumbu ya taifa. Ulinzi huo unatokana na sheria ya Thuringia. Kipande kikihamia Bavaria, ulinzi unapaswa kuandikwa upya.

Kwa mizani yangu, kero za sikukuu na shule ni za kweli lakini dawa yake ni makubaliano kati ya halmashauri, si mkataba wa majimbo. Anayedai muungano kwa ajili ya heshima ya kihistoria ndiye aliyekosea zaidi, kwa kuwa anakilaumu kijito kwa kosa la waliojenga ukuta kando yake.

Suala gumu zaidi ni la zile takriban mita 100 za ukuta zilizoachwa zisimame. Chama cha kuanzisha makumbusho kiliundwa mwaka huohuo wa 1990, na leo makumbusho yanaendeshwa kwa ushirikiano wa pande zote mbili za mpaka, ushirikiano uliofika mbali kuliko ule wa ofisi za serikali. Waliotaka ubomolewe wote walikuwa na sababu: ndio walioamka kila asubuhi wakaukuta dirishani, na sasa wanaishi watu 50 katikati ya makumi ya maelfu ya watalii kila mwaka. Waliotaka ubaki walisema mtoto aliyezaliwa baadaye hataamini maneno matupu, na kwa hili nawaunga mkono.

Ila kuhifadhi nako kuna mitego. Zege la nje hunyonya hewa na maji. Kadiri miaka inavyopita uwezo wake wa kulinda nondo hupungua, nondo hushika kutu, kutu hufura na kumega zege kutoka ndani. Ukiziba na kupaka chokaa upya, unapata ukuta mweupe uliosafishika kuliko ulivyokuwa. Ukiacha, utaanguka. Kipande kilicholimwa kina shida ya kinyume: kilibaki kitupu kwa sababu kulikuwa na watu waliolipwa kukifyeka na kukinyunyizia dawa. Kikiachwa, nyasi hurudi msimu wa kwanza na vichaka baada ya miaka michache, na mtazamaji huona bustani yenye ukuta. Ili kieleweke kilikuwa nini, lazima mtu aendelee kukilima.