Tukodishieni shimo, spana tutashika wenyewe

Mtu wa Mtwara akitaka kumwaga oili ya gari lake mwenyewe, kikwazo cha kwanza si ujuzi. Ni mchanga. Piga jeki uani kwako Chikongola au Ufukoni uone: badala ya gari kupanda, jeki ndiyo inazama. Unatafuta kipande cha ubao, unakitanguliza chini, nacho kinalala upande. Mwenye akili timamu haingizi kichwa chini ya chuma cha zaidi ya tani moja kilichosimama hivyo. Unatoa jeki, unaenda kwa fundi.

Ujerumani kuna gereji za kukodi kwa saa. Unaingia na gari, unapewa lifti na vifaa, na ukikwama fundi yupo. Kambi nyingi za jeshi la Marekani nazo zina karakana za namna hiyo kwa askari wao. Sisi magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani, aina zile zile kila mtaa, spea zake kila muuza duka anazijua. Tunachokosa ni sakafu ngumu, na shimo la kusimama chini ya gari, la kukodi kwa saa.

Najua baadhi ya mafundi watanuna. Fundi anayeijua kazi namheshimu, na gia boksi siigusi hata nikipewa karakana nzima bure. Nazungumzia kazi ndogo: oili, plagi, filta ya hewa, labda brekipedi kama kuna mjuzi wa kunisimamia. Huko kwenye kazi ndogo ndiko tunakopigwa. Unalipia filta mpya ya oili, ukifika nyumbani ukiinama unakuta ni ile ile ya zamani, imefutwa kwa tambara la petroli ikang'aa. Na kuifunga si uchawi: unapaka oili safi kidogo kwenye mpira wake, unaizungusha kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha unaongeza kama robo tatu ya mzunguko. Basi. Anayeikaza kwa nguvu zote anakutafutia ugomvi wa siku ya kuifungua.

Halafu kuna oili chafu. Wengine huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa, lakini nyingi inamwagwa pale pale chini ya mwembe, nasi bado tuna visima. Gereji ya kukodi ingekuwa na pipa moja la kuikusanya, na mwenye gereji angewajibika nalo.

Lifti siitaki. Pamoja na gesi yetu ya Mnazi Bay inayozalisha umeme, umeme ukikatika gari likiwa juu huenda ukalala nalo. Shimo la zege linatosha, na stendi za chuma kwa kazi za magurudumu. Spana zitolewe kwa kuacha kitambulisho, maana namba 10 ina tabia ya kuondoka na mteja. Karakana za vyuo vya ufundi vya VETA, kama Jumamosi zina nafasi, zingeweza hata kuanza kesho.

Mimi ningelipa shilingi 5,000 kwa saa bila kunung'unika, na msimu wa korosho, watu wakiwa na pesa, mwenye shimo apandishe bei anavyotaka. Fundi naye akae pembeni na kahawa yake. Nikikwama namwita, namlipa kwa kuniangalizia tu. Mikono yake haichafuki, na sidhani kama atakosa wateja.