Dhahabu ya nyumbani: nani ajue ilipo?

Oktoba 2025 aunsi moja ya dhahabu (takriban gramu 31) ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia, miezi saba tu baada ya kuvuka 3,000. Kwa bei hiyo kipande cha gramu 100 kina thamani ya takriban shilingi milioni 30, na kwa kuwa dhahabu ni nzito mno kwa umbo lake, kinafichika chote ndani ya kiganja. Familia nyingi za Dar es Salaam zilizozoea dhahabu ya mkufu wa harusi na bangili za bibi sasa zinaitazama kama akiba. Swali linakuja palepale: iwekwe wapi?

Wanaosema "nyumbani kwangu" wana historia ya kuegemea. Februari 1967 benki zilitaifishwa. Mei 2017 Benki Kuu ilifuta leseni ya FBME, na Januari 2018 benki nyingine tano zikafungiwa kwa uhaba wa mtaji. Bima ya amana, inayomfidia mteja benki ikianguka, ina kikomo cha shilingi milioni 7.5. Aliyeyashuhudia hayo akisema anataka mali ambayo hahitaji kumwomba mtu amfungulie mlango ili aifikie, namwelewa kabisa.

Ila hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Fedha iliyo kwenye akaunti ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe. Dhahabu iliyo ndani ya sanduku la usalama ulilokodi benki haimo kwenye hesabu za benki, na benki ikifilisika inabaki kuwa yako, hata kama itakubidi usubiri kufunguliwa. Kwa upande mwingine, bima ya amana haigusi kilichomo sandukuni. Wala chumba cha chuma hakina kinga kamili. Wakati wa Pasaka ya 2015, pale Hatton Garden jijini London, wezi walitoboa ukuta mnene wa zege na kuvunja masanduku zaidi ya 70 wakati wenyewe wako mapumzikoni.

Kuna wanaoamini kwamba nyumbani ni mbali na mkono wa dola. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, msako wa wahujumu uchumi uliingia majumbani na kwenye maghala, na watu wakatupa usiku bidhaa walizokuwa wamezificha. Ukuta wako hauzuii upekuzi. Kinachokulinda ni uhalali wa ulichonacho, na hapa wengi hujiponza: Sheria ya Madini ya 2010 hairuhusu mtu asiye na kibali kushika dhahabu ghafi. Anayekuletea "mzigo wa Geita" kwa bei ya kutupa, hata ukiwa wa kweli, anakuletea kesi. Na ukiwa wa uongo hutaujua kwa mizani ya kawaida, kwa sababu metali ya tangsteni ina uzito unaokaribia sana ule wa dhahabu. Nunua kwa sonara au muuzaji mwenye leseni, upate risiti yenye uzito na karati (kipimo cha usafi wa dhahabu), na risiti hiyo ikae mbali na dhahabu yenyewe.

Kwa upande wa hali ya hewa hakuna la kuogopa. Hewa ya chumvi ya Dar italila sefu la chuma kabla ya kuigusa dhahabu, na mafuriko ya bonde la Msimbazi yataloanisha karatasi tu. Kufukia uani ndiko kubaya: mvua hubeba udongo, fundi wa choo huja na sururu, kiwanja hugawanywa.

Ugumu wenyewe uko kwa watu. Sefu zuri lililofungwa kwa nondo ukutani humshinda kibaka anayeingia mkiwa kazini. Halimshindi anayeingia usiku na panga, kama wale vijana wa Panya Road waliovamia nyumba za watu mwaka 2022. Kadiri chuma kinavyokuwa kigumu, ndivyo mvamizi anavyomgeukia anayejua namba za siri. Kwa hiyo ulinzi wa kweli wa dhahabu ya nyumbani ni kutojulikana kwamba ipo, na Uswahilini hilo ni jambo zito. Fundi aliyefunga sefu anajua. Dada wa kazi anajua kabati lipi halifunguliwi. Pambo likivaliwa kwenye kitchen party na picha ikapandishwa WhatsApp, mtaa mzima unajua.

Halafu siri ikifanikiwa mno inageuka balaa la pili. Mtu anakufa ghafla na mahali pale anapajua peke yake. Mjane anahama, nyumba inauzwa, mnunuzi anabomoa. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto, waliokuwa na haki katika mali ambayo hawakuwahi kuambiwa ipo. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Utaje dhahabu na uzito wake, na mahali ilipo paelezwe kwa mtu mmoja unayemwamini. Kwa Muislamu kuna wajibu mwingine: akiba ikifika gramu 85 na kutimiza mwaka wa Hijria, inatolewa zaka asilimia 2.5. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, huachilia pambo halali la kuvaliwa, lakini kipande kilichofichwa si pambo. Lazima kihesabiwe, na hesabu inahitaji kumbukumbu.

Baada ya kupima yote, naona mwenye nyumba yake anaweza kukaa na mapambo ya familia na vipande vichache, kiasi ambacho akiporwa atalia lakini watoto wataendelea na shule. Kinachozidi hapo kiende kwenye sanduku la benki, pamoja na kero ya saa za kazi na ada ya kila mwaka. Mke au mume ajue sehemu zote mbili. Na mvamizi akishaingia ndani, apewe bila ubishi.

Mpangaji wa chumba Manzese au Tandale simshauri hivyo. Ukuta si wake kuutoboa, mwenye nyumba huenda ana ufunguo wa akiba, na choo na uwanja ni vya wote. Akipata gramu zake kumi, bora akodi sanduku kwa kushirikiana na ndugu anayemwamini, kwa maandishi yanayoonyesha kipi ni cha nani, au asubiri kununua hadi apate pa kuweka.